PAKA ASIYE NA MANYOYA AKIINGIA KATIKA NYUMBA YA PAKA WENGINE



Mwezi uliopita, katika somo la biolojia, mwalimu alituonyesha picha ya paka mmoja. Darasa zima likapiga kelele. Yule paka alikuwa uchi kabisa: masikio makubwa sawa ya popo, ngozi yenye makunyanzi sawa ya mzee, mkia mwembamba kama kamba. Mmoja akasema: «Huyu ako na upele.» Mwingine akasema: «Hapana, huyu ni paka wa walozi, mutupe ile picha!» Mwalimu akangoja tunyamaze, kisha akauliza: «Huyu ni paka mzima, si mgonjwa. Tuseme ako na miaka 4, na mwenye kumfuga hawezi kumulisha tena. Watu wengine wanapenda kumpokea, lakini wako na paka wawili nyumbani. Wafanye namna gani ili asiumizwe?»

Hakuna aliyejibu. Mimi niliposema kwamba nitatafuta jibu, wenzangu walicheka. Basi, jibu lenyewe ni hili.

1. Huyu paka alitoka wapi?

Si ulozi, na si ugonjwa wa ngozi. Ni jambo la urithi. Katika mwaka 1966, mjini Toronto katika inchi ya Kanada, paka wa kawaida alizaa mtoto mmoja asiye na manyoya. Watu walijaribu kuendeleza uzao wake, lakini ule ukoo ulikwisha. Kisha katika mwaka 1975, katika jimbo la Minnesota, inchi ya Marekani, paka wa shamba akazaa mtoto wa namna ile ile. Katika mwaka 1978 wengine wakaonekana tena Toronto. Kutokea wale wa Minnesota na hawa wa mwisho wa Toronto, na kwa kuwachanganya na paka wenye manyoya, ndipo ilipatikana jamii inayoitwa leo Sphynx.

Ninyi wa seksio ya Biolojia-Kemia, mukumbuke Mendel. Jeni ya kukosa manyoya ya Sphynx ni ya kujificha. Baba na mama wanaweza kuwa na manyoya mazuri, lakini kama kila mmoja anachukua ile jeni ndani yake, kwa wastani mtoto 1 katika 4 atazaliwa bila manyoya. Wenye elimu wamekwisha kuonyesha kwamba badiliko liko katika jeni moja inayoitwa KRT71, yenye kutengeneza keratini ya nywele. Nywele inaanza kuota, lakini haina nguvu, inakatika. Ndiyo maana ukimugusa Sphynx utasikia malaika madogo sana, sawa yale ya shavu la mtoto.

Katika inchi ya Urusi kuna jamii ingine isiyo na manyoya, inayoitwa Donskoy, iliyoanza katika mwaka 1987. Ile yao ni jeni ingine kabisa, na haijifichi: mzazi mmoja mwenye jeni anatosha.

2. Mwili wake unaomba kitu gani?

Tuangalie kwanza mambo haya, kwa sababu yatatusaidia kufahamu hatari anayokutana nayo katika nyumba mpya.

Kwanza, baridi. Joto la mwili wa paka ni karibu digri 38 mpaka 39, na huyu hana koti la kulilinda. Toronto, katika mwezi wa kwanza, theluji iko inje na baridi inashuka chini ya digri 0. Basi Sphynx anakaa ndani ya nyumba. Anatafuta daima pahali pa joto: kitanda, blanketi, mapaja ya mtu, ao ubavu wa nyama mwingine. Tena anakula sana kuliko paka wa ukubwa wake, kwa sababu chakula ndicho kuni za mwili.

Pili, mafuta. Ngozi ya kila paka inatoa mafuta, na manyoya yanayafyonza. Kwake hakuna cha kuyafyonza, basi yanabaki juu ya ngozi, yanashika vumbi, yanachafua mashuka. Ndiyo maana wengi wanamuogesha karibu mara moja kwa juma, na wanamsafisha masikio na pahali pa kucha.

Tatu, ngozi yenyewe. Jua kali linamuunguza. Na ukucha wa paka mwingine, ambao ungeishia katika manyoya ya paka wa kawaida, kwake unafika mara moja katika nyama. Mukamate neno hili la tatu, tutalirudilia.

Ine, moyo. Jamii hii inapata mara nyingi ugonjwa wa misuli ya moyo kunenepa. Ni vema munganga wa nyama amsikilize moyo, na kama inawezekana apitishe ekografi, mbele ya kumchukua.

Watu wengine wanasema: «Paka bila manyoya ni mzuri kwa mtu anayepiga chafya akikaribia paka.» Hii si kweli. Kinacholeta chafya ni protini iliyo katika mate na katika mafuta ya ngozi, na Sphynx ako nayo sawa wengine. Watu wengi wanamchukua kwa tumaini hili, kisha wanamrudisha. Hivi ndivyo paka mzima anajikuta bila nyumba.

3. Juu ya nini paka wa nyumba wanamkataa?

Sisi tulicheka kwa sababu ya sura yake. Tunafikiri paka wengine nao watamkataa juu ya sura. Hapa ndipo tunapodanganyika. Paka hatazami sana sura. Paka ananusa.

Paka wote wa nyumba duniani ni uzao wa paka wa pori wa Afrika na wa Mashariki ya Karibu. Yule wa pori anawinda peke yake, na ako na eneo lake. Anaweka alama ya eneo kwa harufu: anasugua mashavu juu ya miti, anakwaruza kwa kucha, anakojoa. Paka wako wa jikoni anafanya vile vile. Anaposugua kichwa katika mguu wa meza ao katika mguu wako, anaandika: «Hapa ni kwetu.» Paka wanaoishi pamoja kwa amani wanasuguana, wanalambana, na mwisho wote wanakuwa na harufu moja ya nyumba. Ile harufu ni sawa karti ya uraia. Anayeingia bila karti ni adui, hata akiwa na manyoya mazuri namna gani.

Basi Sphynx mzima anapoingia, ako na mizigo miwili. Mzigo wa kwanza: analeta harufu ya nyumba ingine. Mzigo wa pili: anaogeshwa kila mara, na kila akiogeshwa, sabuni inafuta ile harufu kidogo aliyoanza kupata. Hata paka wa ukoo mmoja, akirudi kwa munganga na harufu ya dawa, ndugu zake wanaweza kumfukuza sawa mgeni.

Tena kuna jambo la alama za mwili. Paka mwenye woga anasimamisha manyoya ili aonekane mkubwa, mwingine anaelewa na kurudi nyuma. Huyu hana manyoya ya kusimamisha. Anabaki na masikio, mkia, mgongo na sauti tu. Na kwa sababu ya baridi anaweza kwenda mbio kulala ubavuni mwa wenyeji mbele hawajamkubali. Anatafuta joto, wao wanaona mshambulizi.

4. Njia ya kumuingiza

Wanganga wa nyama wanafundisha njia ya hatua kwa hatua. Inafaa kwa paka wote, lakini kwa huyu haiwezi kupunguzwa, juu ya ile ngozi tuliyosema.

Hatua ya kwanza: afya. Mbele ya kukutana, munganga ampime damu kwa ajili ya ugonjwa wa leukemia ya paka na wa upungufu wa kinga ya paka. Ule wa kwanza unapita katika mate, hata kwa kulambana; wa pili unapita zaidi katika kuumana. Wote wapate chanjo, na wahasiwe wote, madume na majike, kwa sababu paka aliyehasiwa anapigana kidogo na kojo la alama linapunguka.

Hatua ya pili: chumba chake peke yake. Mgeni asifunguliwe katikati ya sebule. Apewe chumba chenye mlango wa kufungwa, chenye joto, chakula, maji, kartoni ya kujificha, na sanduku la mchanga. Akae mule siku kadhaa, hata juma na zaidi, mpaka anakula vizuri na anakuja mwenyewe kwa watu. Tusisahau: huyu amepoteza nyumba yake juzi tu. Watu wa nyumba waingie kukaa naye, kwa sababu joto lao ni chakula pia kwake.

Hatua ya tatu: kubadilishana harufu. Kamata kitambaa safi, sugua mashavu ya mgeni, weka kile kitambaa karibu na chakula cha wenyeji. Fanya vile vile kwa upande wao. Mkoti mdogo wa kitambaa ambao Sphynx anavaa juu ya baridi unafaa sana kwa kazi hii. Kisha uwabadilishe vyumba kwa saa moja: mgeni atembee sebuleni, wenyeji wanuse chumba chake. Bado hawaonani.

Hatua ya ine: kula pande mbili za mlango. Sahani za wenyeji upande huu, sahani ya mgeni upande ule, kwanza mbali, kila siku karibu kidogo. Wanajifunza kwamba ile harufu inakuja pamoja na chakula kizuri.

Hatua ya tano: kuonana bila kugusana. Mlango ufunguliwe kwa upana wa vidole viwili, ao uwekwe wavu. Wakilia «fff», hiyo si vita, ni kusema «usinikaribie». Kama wanatazamana bila kupepesa, mwili umekazwa, funga mlango pole pole, urudi hatua moja nyuma. Usipige, usipige kelele: paka ataunganisha lile fimbo na mgeni, atamchukia zaidi.

Hatua ya sita: kukutana. Kwanza dakika chache, baada ya kucheza na kula, kucha za wote zimekatwa. Mgeni asiwe ameogeshwa siku ile wala jana yake. Wakianza kupigana, usiingize mkono katikati. Weka kipande cha kartoni kati yao. Kila siku uongeze dakika. Usiwaache peke yao mpaka siku nyingi zimepita bila vita.

Kazi yote inaweza kukamata majuma mawili, mwezi mmoja, hata miezi kadhaa. Paka ndiye anayehesabu, si sisi.

5. Nyumba nayo itengenezwe

Vita vingi vinatokea juu ya vitu. Kanuni ni hii: masanduku ya mchanga yawe hesabu ya paka na moja juu yake. Paka 3, masanduku 4, tena si yote katika kona moja. Sahani za chakula ziwe mbali mbali, kwa kuwa Sphynx anakula mbio na anaweza kunyanganya wenzake. Na neno linalosahauliwa sana: pahali pa joto pawe pengi. Kama kuna blanketi moja tu karibu na moto, mwenyeji amekwisha kulikamata na mgeni atalitaka. Weka matatu, mamoja juu, mamoja chini, na ugomvi nusu umekwisha.

Mara ingine, hata baada ya yote haya, paka hawapendani. Wanaishi tu kwa heshima, kila mmoja na kona yake. Hii nayo ni amani. Si lazima walale kitanda kimoja.

Kwa kumaliza

Niliposoma majibu yangu darasani, yule rafiki aliyesema juu ya walozi aliuliza: «Sasa kama watu hawana subira ya mwezi mzima?» Mwalimu akajibu: «Basi wasimchukue.» Ni neno kali, lakini ni la kweli. Paka mzima anayerudishwa mara ya pili anafika katika nyumba ya tatu na woga mwingi zaidi, na mikwaruzo juu ya ngozi, na watu wanasema: «Huyu ni mbaya.» Kumbe ubaya si wake. Walimfungulia mlango haraka.

Sisi wa internat tunajua habari hii kidogo. Kila mwaka kuna mmoja anayefika katikati ya muhula, na sanduku lake, na lugha yake, na harufu ya sabuni ya kwao. Usiku wa kwanza hapati pahali pa joto. Nani kati yetu alimsogezea blanketi?

Mwanafunzi wa darasa la 5, seksio ya Biolojia-Kemia