Metroid: Gemu Ipi Inunuliwe Kwanza

Anayetaka kuanza kucheza Metroid leo ana mengi ya kuchagua. Msururu huu wa Nintendo ulianza Japani mwaka 1986, na toleo la karibuni, Metroid Prime 4: Beyond, lilitoka Desemba 2025. Katikati ya hayo mawili kuna gemu zaidi ya kumi, zilizotengenezwa kwa mashine mbalimbali, na bei zake zimepishana mno. Nyingine utazipata ndani ya ada ya mwaka isiyofika dola 20 kwa bei ya Marekani. Ile mpya, kwa wenye Switch 2, ni dola 69.99 peke yake. Wengi huvutwa na hiyo mpya. Mimi nasema anza na ya zamani na ya bei rahisi, na sababu yangu haihusu mfuko pekee.

Gemu za kupiga risasi zipo tele, na nyingi zinapiga vizuri kuliko Metroid. Hapa unanunua kupotea. Samus Aran, mwindaji wa kulipwa aliye ndani ya deraya yake, anashuka kwenye sayari asiyoijua. Anakuta mlango usiofunguka, anauacha. Baadaye anapata silaha mpya, na wewe uliyeshika padi unaukumbuka ule mlango. Kama umeukumbuka mwenyewe, pesa yako imefanya kazi. Kama gemu ndiyo iliyokukumbusha, umelipia kitu pungufu. Basi kila toleo nalipima kwa swali hilo: nani anatafuta njia?

Gemu ya kwanza ililijibu swali hilo kwa ujasiri. Mwaka mmoja kabla yake, katika Super Mario Bros., skrini ilisonga kuelekea kulia tu, na ulikotoka hapakuwa na kurudi. Metroid inakuanzisha katikati. Ukienda kulia kwa mazoea, unafika kwenye upenyo mwembamba ambao Samus hapiti. Hatua chache kushoto, upande ambao mchezaji wa wakati ule hakuwa na sababu ya kuutazama, kuna uwezo wa kujikunja kuwa mpira na kupenya. Somo zima la msururu limefundishwa hapo, bila neno hata moja. Lakini gemu yenyewe ni ngumu kwa mtu wa leo: haina ramani, korido zinafanana, na ukifa unarudishwa na nguvu 30 tu, ukaanze kuokota nyingine moja moja. Metroid II ya mwaka 1991, ya Game Boy, nayo haina ramani. Zote mbili zichezwe baadaye, ukishaupenda ulimwengu wenyewe.

Super Metroid ya mwaka 1994 ndiyo kipimo changu. Ramani inajichora kadiri unavyotembea, kila eneo lina rangi na muziki wake, na mambo makubwa unaonyeshwa badala ya kuambiwa. Kuna shimo refu katika eneo la Brinstar ambalo ukishatumbukia huoni pa kutokea. Chini yake wanaishi viumbe watatu wadogo. Ukitulia ukawatazama, utaona wanaruka ukuta huu, wanaukanyaga, wanajisukuma hadi ukuta wa pili, na hivyo hivyo hadi juu. Hakuna maandishi, hakuna mshale. Unajaribu, unaanguka, unajaribu tena, vidole vinazoea, unatoka. Kisha unatambua kwamba Samus alikuwa na uwezo huo tangu dakika ya kwanza. Sehemu kadhaa ulizodhani zimefungwa zilikuwa zinakusubiri wewe ujue kuruka, na ukianza upya leo unaweza kuzifikia mapema kuliko mpangilio wa kawaida unavyotaka.

Mahali pengine kuna korido ya kioo inayopita ndani ya maji. Unaipita, unawaona samaki, unaendelea na safari. Haina mlango wa pembeni wala alama yoyote. Siku utakayokuwa na bomu kubwa, ukaamua kulilipua humo ndani, kioo kitapata nyufa, kitapasuka, na eneo zima la Maridia litakuwa wazi mbele yako. Sijui gemu nyingine ya miaka ile iliyomheshimu mchezaji kiasi hicho.

Sasa gharama. Super Metroid imo ndani ya huduma ya Nintendo Switch Online, pamoja na ile ya 1986 na Metroid II. Bei ya Marekani ni dola 19.99 kwa mwaka, au 3.99 kwa mwezi. Mwezi mmoja unatosha kabisa kuimaliza, hata ukicheza jioni tu, kwa hiyo gemu bora ya msururu huu unaweza kuicheza kwa chini ya dola nne. Angalia tu kwamba huduma hiyo hujilipia upya yenyewe muda ukiisha. Izime mapema kwenye akaunti yako. Nyumba yenye wachezaji wengi ichukue mpango wa familia wa dola 34.99 kwa mwaka, unaobeba hadi akaunti nane. Ubaya wake ni kwamba hapa humiliki kitu. Ukiacha kulipa, gemu zinafungwa.

Ngazi ya juu ya huduma hiyo, ya dola 49.99 kwa mwaka, inaongeza gemu za Game Boy Advance, zikiwemo Metroid Fusion ya 2002 na Zero Mission ya 2004. Hii haiuzwi kwa mwezi, na hapo ndipo ninaposita. Fusion ina hadithi nzuri, na yule adui aliyevaa sura ya Samus mwenyewe anatisha kweli. Lakini kompyuta ya chombo cha Samus inakupangia pa kwenda chumba baada ya chumba na kukufungia milango mingine; ni kama kusafiri na kondakta anayekutajia kila kituo. Zero Mission, ambayo ni gemu ya 1986 iliyojengwa upya, nayo inakuwekea alama za pa kuelekea, ila watengenezaji wake wameficha njia za mkato kwa anayekataa kufuata alama hizo. Yenyewe ni nzuri sana. Hata hivyo, dola 30 za ziada kwa ajili ya gemu mbili ni nyingi, isipokuwa kama utacheza na nyingine zilizomo.

Ukitaka kununua kitu kikawa chako, chukua Metroid Prime Remastered, iliyotoka Februari 2023 kwa dola 39.99. Gemu yenyewe ni ya 2002, kazi ya Retro Studios wa Austin, Texas, waliouhamisha mtindo huu kutoka kwenye mwonekano wa pembeni hadi ndani ya kofia ya Samus. Watu wengi waliogopa kwamba itageuka gemu ya bunduki. Badala yake, mwendo umepungua na macho yamepewa kazi. Ukisimama kwenye mvua ya sayari ya Tallon IV ukainua kichwa, matone yanadunda kwenye kioo cha kofia. Mlipuko ukitokea karibu, uso wa Samus unaakisiwa humo kwa nukta moja. Kuna kifaa cha kukagua ambacho hukusomea maandishi ya ukutani, mashine na wanyama, na anayesoma ndiye anayeielewa sayari. Gemu ina mfumo wa kukupa dokezo kwenye ramani ukichelewa. Ingia kwenye mipangilio uuzime kabla hujaanza. Kasoro yake iko mwishoni, inapokutuma kuzunguka kukusanya vipande 12 vya kale. Inachosha, ingawa aliyekuwa makini njiani atakuwa ameshavipata vingi.

Metroid Dread ya mwaka 2021, ya studio ya Hispania MercurySteam, ilitoka kwa dola 59.99. Kwa mikono, hakuna iliyo tamu zaidi: Samus anakimbia, anateleza chini ya vizingiti na kulenga popote bila kukwama. Roboti saba za EMMI zinazokuwinda zinafanya kila mlango wa maeneo yao ufunguliwe kwa woga. Lakini tazama nyuma yako. Mara nyingi njia uliyopitia imezibwa, na iliyobaki wazi ndiyo waliyotaka uifuate. Unajiona unatafuta, kumbe unaongozwa. Wengine watafurahi kwamba hawapotei kamwe. Mimi nilikosa ile hali ya kusimama njia panda bila uhakika. Kuna sampuli ya bure ya kupakua. Ijaribu kwanza, kisha ukinunua chukua kaseti, kwa sababu kaseti ya Switch unaweza kuiuza tena, na haina mipaka ya nchi: ya Dubai au ya London itafanya kazi kwenye mashine yoyote ya Switch.

Prime 4 ni dola 59.99 kwa Switch. Mwenye Switch anayefikiria kuhamia Switch 2 asihangaike, maana nyongeza ya kuiboresha ni dola 9.99, na jumla inakaribia kulingana na bei ya toleo la Switch 2. Inapendeza kwa macho kuliko zote. Kimuundo ndiyo iliyonisumbua zaidi: maeneo makubwa yametengwa, na kati yake kuna jangwa la kuvukwa kwa pikipiki ambalo lina vitu vichache vya kugundua na fuwele nyingi za kijani za kuokota. Fundi aitwaye Myles MacKenzie anaingia kwenye redio kukumbusha pa kwenda wakati mwingine hata hujauliza. Kwa bei hiyo, ningeiacha iwe ya tatu au ya nne.

Zilizobaki ni za soko la mitumba. Samus Returns ya 2017 ni ya 3DS, na duka la mtandaoni la mashine hiyo lilifungwa Machi 2023, kwa hiyo kaseti ndiyo njia pekee halali. Hakikisha ni ya kanda moja na mashine yako, kwani 3DS hukataa kaseti za kanda nyingine. Mwenye Wii atafute diski ya Metroid Prime: Trilogy ya mwaka 2009, iliyobeba Prime zote tatu za mwanzo. Kaseti asilia za Super Metroid pia zinauzwa, lakini zinahifadhi safari yako kwa betri ndogo iliyomo ndani, na betri za mwaka 1994 zimeshachoka. Muulize muuzaji kama imebadilishwa. Akishindwa kujibu, zile dola 3.99 za mwezi zinakupa gemu hiyo hiyo bila wasiwasi.