Ditekta Huonyesha Dhahabu, Haimwonyeshi Mwenyewe

Mwezi wa Shawwal unapoandama, familia nyingi za Handeni na Korogwe hupanda mabasi, zikapita Segera na Muheza, zikashukia Tanga kusherehekea Idi ufukweni. Watoto huingia majini, na mama zao huwafuata hadi magotini wakiwa na dhahabu yao ya sikukuu. Maji hupoza vidole, na kidole kilichopoa hupungua unene. Mafuta ya nazi nayo huilainishia pete njia. Mtu huja kutahamaki yumo safarini kurudi kwamba kidole ki kitupu.

Kilichopotea hapo si pambo tu. Kwa wanawake wetu wengi, dhahabu hiyo ndiyo mahari waliyokabidhiwa, mali yao halisi, na akiba ya siku ya ugonjwa au ya ada ya shule. Tumeonelea basi tuzungumze na wasomaji wetu juu ya chombo kiwezacho kuitafuta, na juu ya wajibu wa yule atakayeipata.

Chombo na kazi yake

Wilaya ya Handeni ina dhahabu, na jina la kilima cha Magambazi limefika mbali kwa ajili yake. Katika machimbo mengi ya nchi yetu, wachimbaji wadogo hutembea na kitambuzi cha metali, maarufu kwa jina la ditekta, wakisikiliza mlio. Duara la waya lililo mwishoni mwa mpini hupitishwa umeme, nao huzaa nguvu ya sumaku inayopenya ardhini. Nguvu hiyo ikikuta metali, huamsha ndani yake mkondo mdogo wa umeme, na mkondo huo ndio unaoirudishia mashine habari.

Kwa hiyo ditekta hujibu metali peke yake. Kule Kalalani, wilayani Korogwe, wanakochimba vito, haiwezi kumwonyesha mtu jiwe hata likiwa la thamani kubwa. Pete yenye kito huonekana kwa sababu ya dhahabu iliyokishika kito. Pete nzima hujibu vizuri kwa kuwa ni duara lililofungamana. Mkufu mwembamba ni mgumu kuupata, kwani mashine husikia kiungo kimoja kimoja. Tena mchanga ulioloa maji ya chumvi hupitisha umeme, na huko mashine nyingi za nchi kavu hupiga kelele ovyo. Ufukweni hutakiwa zile zilizotengenezwa kwa ajili ya bahari.

Mwezi nao husaidia. Idi el-Fitri huangukia mwezi mwandamo, wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Idi el-Haji, mwezi kumi, husogelea maji mafu, ambayo tofauti ya kujaa na kupwa kwake ni ndogo. Pete iliyoanguka kwenye maji ya kiuno siku ya Idi el-Fitri yaweza, saa chache baadaye, kuwa chini ya mchanga uliokwisha kuachwa na bahari. Dhahabu safi ina uzito wa mara 19 ya maji ya ujazo uleule, ilhali chembe ya mchanga haifiki mara tatu. Ndiyo maana pete huzama upesi. Aliyepoteza asichimbechimbe ovyo. Aweke alama kwa kulinganisha vitu viwili vya nchi kavu, kama mnazi na paa la nyumba, aandike saa, kisha angoje maji yapwe.

Vito viwili vilivyopotea

Mwanamke anayelilia kidani chake asidharauliwe. Bibi Aisha (RA) alipopoteza kidani safarini, Mtume (SAW) alilisimamisha jeshi zima ili kitafutwe, mahali pasipo maji. Hapo ndipo iliposhuka ruhusa ya tayamamu, na ngamia wake alipoinuliwa, kidani kikaonekana chini yake. Baadaye, pete ya fedha ya Mtume (SAW) ilimdondoka Sayyidna Uthman (RA) katika kisima cha Aris, Madina. Walitafuta siku tatu, wakayateka maji ya kisima, wala hawakuipata. Basi juhudi ni wajibu wetu, na kupatikana ni kwa Allah (SW).

Mlio mmoja, hukumu tatu

Mashine hulia vilevile, lakini kilicho chini yake chaweza kuwa na hukumu tofauti. Dhahabu ya mwambani ni maadini. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 yataka mchimbaji awe na leseni. Na katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, hutolewa zaka ya robo ya fungu la kumi ikifika nisabu, bila kungoja mwaka upite.

Hazina iliyozikwa kabla ya Uislamu ni rikazi, na fungu lake ni moja ya tano. Hapa mtu asijidanganye: magofu kama ya Tongoni, kusini mwa Tanga, ni ya mji wa Waislamu, na kitu cha huko hakiitwi rikazi. Tena Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu kuchimbua vitu vya kale bila kibali.

Pete ya mama aliyeoga wiki iliyopita ni luqata, mali iliyookotwa, nayo ni amana. Mtume (SAW) alimwelekeza muokotaji azijue sifa za alichookota, kisha akitangaze mwaka mzima. Amehimiza pia awepo shahidi mwadilifu. Tangazo na litolewe sokoni, stendi na mlangoni mwa msikiti, si ndani yake, kwani kutangaza kilichopotea ndani ya msikiti kumekatazwa. Atangaze kwamba ameokota pete, asitaje uzito, kito wala maandishi yake. Hayo amwachie anayedai ayataje mwenyewe. Mwaka ukipita bila mwenyewe kutokea, aweza kuitumia, lakini akija baadaye atalipwa. Kanuni ya Adhabu ya nchi nayo haimwachi salama anayeificha hali akimjua mwenye mali.

Je, mwenye ditekta afanye kazi bure? La. Dini imeruhusu ujira wa kurudisha kilichopotea, uitwao jualah. Katika kisa cha Nabii Yusuf (AS), aliyeleta kikombe cha mfalme aliahidiwa shehena ya ngamia. Ahadi na itolewe kabla ya kazi, kiasi kitajwe, na malipo yategemee kupatikana. Asiyeahidiwa kitu hana haki ya kuizuia pete mpaka alipwe.

Kwa familia zinazojiandaa kwa safari, tunashauri dhahabu ibaki nyumbani, au akabidhiwe mmoja asiyeingia majini. Pete ipigwe picha, na risiti ya sonara itunzwe. Siku itakapookotwa na mcha Mungu, atauliza sifa zake, na mwenyewe atakuwa na jibu.

Wallahu aalam.