Kemikali ituulizayo ubongo na siri ya tembe ya vitamini B6

MGONJWA wa kifua kikuu anayemeza dawa ya isoniazidi aghalabu hupewa pia tembe ya vitamini B6. Ni rahisi kuidhania nyongeza tu ya lishe. Kumbe tembe hiyo huzikinga neva za miguu na mikono zisipatwe na ganzi, na vitamini hiyo hiyo ndiyo inayouwezesha ubongo kuunda kemikali ya kuutuliza, iitwayo GABA.

GABA ni asidi amino, lakini si ya kawaida. Asidi amino 20 zinazojulikana sana hujenga protini za mwili. GABA haimo katika ujenzi huo. Kazi yake kuu ubongoni ni kupitisha ujumbe baina ya seli za neva. Mwanasayansi Eugene Roberts wa Marekani alitangaza mwaka wa 1950 kwamba ameipata katika ubongo.

La kustaajabisha ni kwamba GABA hutokana na glutameti, ambayo ndiyo kichocheo kikuu cha ubongo. Kimeng'enya maalumu huiondolea glutameti kaboni dioksidi, na papo hapo kichocheo hugeuka kizuizi. Hata hivyo, kimeng'enya hicho hakiwezi kufanya kazi pasipo vitamini B6.

Seli ya neva inapoitoa GABA, hiyo hunata kwenye seli jirani na kufungua vijia vya kloridi. Chaji hasi huingia, na seli hiyo huwa vigumu kuamshwa. Baadaye GABA hufyonzwa, ikatumika upya au ikavunjwa.

Breki hii ikilegea, seli nyingi hulipuka kwa pamoja na degedege hutokea. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, watoto wachanga nchini Marekani walipatwa na degedege baada ya kulishwa maziwa ya kopo yaliyopungukiwa na vitamini B6. Walipopewa vitamini hiyo, walipona.

Isoniazidi inapomezwa kupita kiasi huleta hatari iyo hiyo, kwani huidhoofisha vitamini B6. Dayazepamu, dawa ya kutuliza degedege, huenda isifue dafu peke yake, maadamu huipa nguvu GABA iliyopo tu. Ndiyo sababu madaktari humdunga mgonjwa vitamini B6 kwa wingi.

Basi mgonjwa asiiache tembe hiyo bila idhini ya daktari, wala asiongeze dozi kwa hiari yake. Aidha, isoniazidi iwekwe mbali na watoto.