Uyoga wa Msituni: Namna ya Kuutambua na Kuupiga Picha

Masika yakishashika na ardhi ikalowa vizuri, uyoga huchomoza kila mahali: juu ya magogo yaliyolala, chini ya majani yaliyooza, na hata juu ya magome ya mikarafuu yetu. Wengi wetu huupita tu. Lakini mara kwa mara wanachama hutuletea afisini picha walizozipiga kwa simu zao, na swali huwa moja: "Huu ni uyoga gani, na unalika?" Picha nyingi katika hizo huonyesha kofia tu kutoka juu, na kwa picha ya namna hiyo hakuna awezaye kujibu. Ndiyo maana tumeona yafaa tuandike machache juu ya jambo hili. Ndani yake mna faida ya elimu, mna usalama wa watu wa nyumbani, na mna jambo moja linalomhusu kila apandaye mkarafuu.

Uyoga ni kitu gani?

Kwanza yafaa ijulikane kuwa uyoga si mmea. Hauna majani mabichi, wala haujitengenezei chakula kwa mwanga wa jua kama ufanyavyo mkarafuu. Kile tukionacho ni tunda tu. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba mno zilizotambaa ndani ya udongo au ndani ya mti, nazo huweza kukaa miaka bila ya kuonekana. Tunda likitoka, kazi yake ni kumwaga mbegu ndogo mfano wa vumbi.

Aina nyingine hula vitu vilivyokufa, zikairudishia ardhi rutuba yake. Nyingine hushirikiana na mizizi ya miti. Na nyingine huushambulia mti ulio hai. Kwa hiyo mwenye kutaka kuujua uyoga asianze kuuliza una rangi gani, bali aulize umeota juu ya nini.

Maajabu ya msituni

Mahali pazuri pa kujifunza hapa kisiwani kwetu ni msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi ya Pemba, ukishapita Konde kuelekea Ras Kigomasha. Ni mabaki ya msitu wa zamani, na ndani yake umo mpapindi, mti wa jamii ya minazi ambao asili yake ni Pemba tu. Kivuli chake ni kizito na magogo yake hayakauki upesi, na uyoga hupenda mahali kama hapo. Lakini msitu ule umehifadhiwa. Mwenye kwenda aombe ruhusa kwa walinzi wa msitu, apige picha, na asing'oe kitu.

Katika uyoga wa nchi za joto, ziko aina ambazo mtu akiziona mara moja hazisahau. Uko ulio mfano wa sikio la mtu, laini na wa rangi ya udongo, unaoota juu ya miti mikavu. Jamii yake ni Auricularia, na Wachina huupika sana. Uko mdogo mweupe wenye umbo la kipepeo, Schizophyllum commune, ambao huonekana katika mabara yote ya dunia isipokuwa bara la barafu la kusini. Uko pia ule unaovaa wavu mweupe kama shela, Phallus indusiatus. Huo huchomoza na kuvaa shela yake kwa muda wa saa chache tu, kisha hunyauka, na harufu yake ni ya mzoga. Harufu hiyo huwaita nzi, na nzi ndio wachukuao mbegu zake.

Huko bara uko uyoga unaolimwa na mchwa ndani ya vichuguu vyao. Aina moja ya Zambia, Termitomyces titanicus, kofia yake huweza kufika upana wa mita moja. Watu wa bara wana ujuzi mkubwa wa uyoga, na mwaka 2003 Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Ufini, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Tanzania, walitoa kitabu kizima juu ya uyoga wa Tanzania, unaolika na wenye madhara.

Namna ya kupiga picha

Picha moja haitoshi. Uyoga mmoja wahitaji picha nne, nazo ni hizi.

Kwanza, picha ya mahali: gogo, ardhi, au mti uliouota, na jina la mti huo liandikwe. Pili, picha ya ubavuni. Simu ishushwe mpaka usawa wa uyoga, na kando yake kiwekwe kijiti cha kiberiti ili ukubwa ujulikane. Tatu, picha ya chini ya kofia, kwani hapo ndipo penye siri. Aina nyingine zina vijikurasa vilivyopangana kama kurasa za kitabu, nyingine zina vitundu, nyingine zina miiba. Msituni tumia kioo kidogo cha mkono, uone chini bila ya kuuvunja. Nne, picha ya mguu mpaka mwisho wake. Ukiwa katika shamba lako, chimbua polepole kwa kisu uone kilichofichwa na udongo.

Usiwashe taa ya simu, kwa sababu huzipausha rangi. Mwanga wa asubuhi katika kivuli watosha. Kabla ya kupiga, futa kioo cha simu kwa kitambaa kikavu, maana unyevu wa msituni hukitia ukungu. Andika tarehe na harufu.

Uyoga wa shambani kwako waweza pia kuuchunguza mbegu. Kata kofia, ilaze juu ya karatasi iliyo nusu nyeupe na nusu nyeusi, funika kwa bakuli, na uache usiku kucha. Asubuhi utaona unga wake: mweupe, wa waridi, wa kahawia, mweusi, au wa kijani. Kuushika uyoga kwa mkono hakudhuru, ila nawa mikono baadaye na usiache watoto wauonje.

Picha si ruhusa ya kula

Hapa twataka kusema wazi. Picha ni ya kujulia, si ya kutilia chunguni. Siku hizi ziko programu za simu zitajazo jina la uyoga kwa kuuona tu. Mwaka 2023 wataalamu wa Australia walizijaribu tatu, na ile iliyofanya vizuri kuliko zote ilipata jawabu sahihi karibu nusu tu ya mara zote. Nani katika sisi atakula chakula ambacho nusu ya safari hakijulikani?

Uko uyoga mkubwa mweupe, Chlorophyllum molybdites, wenye magamba ya rangi ya udongo juu ya kofia, uotao viwanjani penye majani katika nchi nyingi za joto. Ukiwa mchanga hufanana na ule ulikao, lakini unga wake ni wa kijani, na mwenye kuula hutapika na kuhara vibaya. Mbaya zaidi ni Amanita phalloides, ambao asili yake ni Ulaya, nao ulisafiri na miche ya miti mpaka Afrika Kusini, Australia na Marekani. Kupika hakuondoi sumu yake, wala kukausha. Mguu wake una kikombe kilichozikwa ardhini, na mwenye kuukata juu ya udongo hakioni. Aliyeula hukaa saa sita au zaidi bila ya kuhisi kitu. Kisha huugua, kisha hupata nafuu ya uongo, na huku ini lake laharibika.

Wako wasemao kuwa uyoga ulioliwa na wadudu ni salama, au kuwa sumu hukigeuza rangi kijiko cha fedha. Maneno hayo hayana msingi. Mtu akiugua baada ya kula uyoga, apelekwe hospitali mara moja, hata akisema amepoa, na uyoga uliobaki uchukuliwe pamoja naye.

Mikarafuu yetu

Kuvu imekwisha kututia hasara kubwa. Katika miaka ya 1950, F. J. Nutman na F. M. Roberts, waliochunguza maradhi ya kufa ghafla kwa mikarafuu ya Zanzibar, waliyahusisha na kuvu iitwayo Valsa eugeniae. Hiyo haina kofia wala mguu wa kupigwa picha. Lakini iko kuvu nyingine ijionyeshayo yenyewe, nasi twaipita bila ya kuitazama.

Uyoga mgumu ulio mfano wa rafu, ukitokea ubavuni mwa shina au juu ya tawi, ni dalili kuwa nyuzi zake zimekwisha kula ndani. Tawi laweza kuwa na majani mabichi na karafuu zilizojaa makonyo, na moyo wake umelika. Mchumaji akitia mguu hapo, tawi halimwambii. Sote twawajua walioanguka. Kuung'oa uyoga huo hakuuponyi mti, kwani ni kuchuma tunda na kuuacha mzizi.

Kwa hiyo twawaomba wanachama, kabla ya msimu wa kuchuma, kila mtu auzunguke kila mkarafuu wake, atazame shina na matawi makubwa, na agonge kwa mgongo wa panga. Penye uyoga wa rafu, au penye sauti ya uwazi, patiwe alama ya chokaa, apigwe marufuku mtu kupapanda, na bwana shamba aitwe atoe shauri. Piga picha pia, zile nne, uzilete afisini pamoja na jina la shamba na tarehe, ili wenziwe mwenye shamba nao wazione. Tahadhari kabla ya hatari.

Wassalaam,
Katibu