Habari Zilizoandikwa Kituo cha Polisi, na Njia ya Kuzipata

Wazee walisema, Mali bila daftari huisha bila habari. Neno hilo ni kweli hata katika mambo ya haki. Mtu aliyepigwa, au aliyeibiwa nyavu au ng'ombe, huenda kituoni akaeleza yaliyompata. Askari huandika, naye hurudi kwake akidhani kazi imekwisha. Baada ya miezi kadha aulizwa mahakamani au penginepo: "Alama ya kuonyesha kwamba ulipeleka habari iko wapi?" Hana la kujibu. Yaliyoandikwa yapo, ila yeye hajui ayaombe kwa nani, wala kwa njia gani. Kwa hiyo twaona yafaa kueleza jambo hili kwa taratibu.

Tutatwaa mfano wa Lamu, katika nchi ya Kenya. Katika kaunti zote 47, Lamu ndiyo yenye watu wachache kuliko zote. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 143,920. Wengine wakaa bara, kama Witu, Hindi na Mpeketoni. Wengine wakaa visiwani, kama Faza na Kizingitini katika kisiwa cha Pate, na safari yao ya kwenda Lamu mjini ni ya chombo. Kwa watu hao safari ya bure ni hasara ya nauli na ya siku nzima ya kazi. Basi yapasa kujua kwanza mlango wa kubisha. Polisi si watumishi wa serikali ya kaunti. Huduma ya Taifa ya Polisi ni ya nchi nzima, nayo iko chini ya Inspekta Jenerali. Anayekwenda ofisi ya gavana kutafuta daftari za polisi atarudi mikono mitupu. Na aende kituo kile kile alichopeleka habari yake, aonane na mkuu wa kituo.

KITABU CHA MATUKIO. Kila kituo kina kitabu kikubwa ambacho watu wengi hukiita OB. Humo huandikwa kila habari iletwayo, kwa tarehe na saa. Kila habari hupewa nambari. Mathalani, OB 12/5/3/2024 maana yake ni habari ya 12 iliyoandikwa siku ya tarehe 5 Machi 2024. Nambari hiyo ndiyo ufunguo. Msiondoke kituoni bila kupewa, tena mwiandike mahali pasipopotea. Aliye na nambari, karani atamfunulia ukurasa mara moja; asiye nayo, atafutiwa kama sindano mchangani. Kupeleka habari na kupewa nambari ni bure.

Ziko hati nyingine zitokazo kwa polisi, na si vema kuzichanganya. Abstrakti ya polisi ni hati fupi ya kuonyesha kwamba jambo limepelekwa kituoni, kama kupotewa na kitambulisho au ajali ya gari. Fomu ya P3 hutolewa kwa mtu aliyejeruhiwa, na daktari huandika humo majeraha aliyoyaona, ili iwe ushahidi mahakamani. Cheti cha tabia njema hutolewa na Kurugenzi ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai baada ya kuchukuliwa alama za vidole, nacho huonyesha kama mtu ana hatia katika daftari zao. Tena, shauri likiisha kufikishwa mahakamani, hati ya mashtaka huwa katika faili ya mahakama; huko aendaye huuliza kwa karani wa masijala, si kwa polisi.

SHERIA YASEMA NINI. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 35, yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 yaeleza njia yenyewe. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Asiyejua kuandika aweza kusema kwa mdomo, na afisa yapasa ayaandike maneno yake na kumpa nakala. Muombaji halazimishwi kueleza sababu ya kutaka habari hizo. Kuleta ombi hakuna malipo. Kinachoweza kulipiwa ni gharama ya kutoa nakala tu, wala isizidi gharama yenyewe.

Barua na iwe fupi, namna hii:

"Kwa Afisa wa Habari, Huduma ya Taifa ya Polisi, kwa mkono wa Mkuu wa Kituo cha Polisi cha (mahali). Bwana, mimi fulani bin fulani, raia wa Kenya, naomba kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 nakala ya maneno niliyoyaandikisha katika kitabu cha matukio, nambari (kadha), tarehe (kadha), juu ya kuibiwa mashine ya mashua yangu. Naomba pia kujua shauri hilo limefika wapi. Ni mimi, (sahihi na anwani)."

Andikeni nakala mbili. Moja mwiache kituoni. Ya pili iombeeni muhuri na tarehe, mrudi nayo nyumbani. Bila tarehe hiyo hamtaweza kuhesabu siku, na nguvu ya sheria hii i katika kuhesabu siku.

SIKU ZA KUNGOJA. Afisa yapasa atoe jibu upesi, wala zisipite siku 21. Kama habari ni nyingi, au yahitaji kuuliza kwingine, aweza kuongeza muda mara moja tu, usiozidi siku 14. Lakini kama jambo lahusu uhai au uhuru wa mtu, jibu ni ndani ya saa 48. Mathalani, kijana amekamatwa usiku na jamaa zake hawajui amepelekwa kituo gani. Hilo si jambo la kungoja majuma matatu. Na tena Katiba, kifungu cha 49, yataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya kupita saa 24, ila saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa, afikishwe siku ya mahakama ifuatayo.

Afisa akikataa, yapasa aeleze sababu. Akinyamaza mpaka siku zikapita, sheria yahesabu kwamba amekataa. Hapo muombaji ana siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo watu huiita ofisi ya Ombudsman. Ama askari akikataa hata kuandika habari aliyoletewa, malalamiko yaweza kupelekwa kwa IPOA, mamlaka iliyowekwa na sheria ya mwaka 2011 iyaangalie matendo ya polisi.

YASIYOTOLEWA. Mtu asidhani kwamba kitabu cha polisi ni gazeti la kusomwa na kila apitaye. Sheria yaruhusu kuzuia habari ambazo zikitolewa zitaharibu usalama wa nchi, au mwendo wa haki, au zitahatarisha maisha ya mtu, au zitafunua mambo ya siri ya mtu mwingine. Hii ni hekima. Mwanamke aliyeshitaki kwamba ametendewa jeuri asingekwenda kituoni kama angejua kesho jina lake litatajwa sokoni. Na mtu aliyetajwa katika kitabu hajawa mwenye hatia. Hatia hutolewa na mahakama. Kwa hiyo chifu asiombe orodha ya walioshitakiwa ili aisome barazani, wala jirani asitafute habari za jirani yake kwa ajili ya ugomvi wa mpaka. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo yalinda habari za watu.

Tena liko neno ambalo wachache walijua. Kifungu kile kile cha 35 chasema kwamba mtu akiandikwa habari isiyo kweli, au yenye kupotosha, nayo yamdhuru, ana haki ya kutaka isahihishwe au ifutwe. Kijana anaweza kunyimwa kazi kwa sababu ya jina lililokosewa herufi moja. Asikae akilia, aombe nakala, aonyeshe kosa kwa ushahidi, na atake lirekebishwe.

Basi kazi hii yawahusu zaidi walimu na machifu. Mwalimu aweza kumwandikia barua mzee asiyejua kalamu, bila kumtoza, na kumwonyesha katika kalenda siku ya 21. Chifu aweza kuwaambia watu barazani: chukueni nambari, wekeni nakala, hesabuni siku. Neno lililosemwa hupeperuka. Lililoandikwa hukaa, lakini humfaa yule tu ajuaye liliko.