Moja ya Kumi ya Nini?

Mji wa Kolwezi unaishi kwa vipimo. Katika madipo ya Musompo mchimbaji wa mikono halipwi kwa wingi wa magunia peke yake. Hulipwa pia kwa kiwango cha shaba na kobalti kilichomo, na mabishano makali kati yake na mnunuzi huzuka pale mashine ndogo inapotoa asilimia ambayo mchimbaji haiamini. Mtu aliyekulia katika desturi hiyo ana haki ya kuuliza swali la kipimo mbele ya boksi la gari la rimoti lenye magurudumu makubwa, la aina ambayo Wamarekani waliipa jina la monsta. Boksi limeandikwa 1/10. Moja ya kumi ya nini? Kwa magari haya, nadai, namba hiyo imeacha kuwa kipimo. Imebaki kuwa jina la kundi, na anayenunua kwa kuitegemea ananunua bila kujua ukubwa wa anachokinunua.

Ushahidi umo katika maelezo ya watengenezaji wenyewe. Kampuni ya Traxxas ya Marekani inauza Stampede na Maxx, yote mawili kwa skeli ya 1/10. Stampede lina urefu wa takriban sentimita 41, Maxx takriban sentimita 55. Kubwa lao, X-Maxx, linakaribia sentimita 78 na uzito wake unapita kilo 8. Wauzaji hawajakubaliana kama waliite 1/5 au 1/6.

Skeli ya kweli haina fumbo. Chukua lori la mgodi la Caterpillar 777, lenye urefu wa kama mita kumi na nusu. Mfano wake wa chuma wa skeli ya 1/50, ule unaopamba kabati za ofisi, una sentimita 21. Ukizidisha kwa 50 umerudi kwenye lori lenyewe. Hesabu inakubali kwa sababu kinachofananishwa kinajulikana. Monsta nalo lina asili yake. Ni Bigfoot, pikapu ya Ford ya Bob Chandler wa St. Louis, iliyopanda juu ya magari mabovu na kuyaponda mwaka 1981, na mchezo mzima ukaanzia hapo. Monsta la mashindano la leo lina urefu wa kama mita sita na tairi za inchi 66, yaani karibu mita 1.68. Moja ya kumi yake ingekuwa gari la sentimita 60 lenye tairi za karibu sentimita 17. Tamiya ya Japani ilipotoa Clod Buster mwaka 1987, tairi zake zilikuwa na kipenyo cha kama sentimita 16 na nusu, na hapo neno 1/10 lilistahili kuandikwa. Stampede kwa urefu wake linaangukia kati ya 1/14 na 1/15.

Kuna pingamizi lenye nguvu hapa. Mtu atasema kwamba kinachofananishwa ni bodi ya pikapu ya kawaida tu, wala si lori la mashindano. Sentimita 41 mara kumi ni pikapu ndogo ya mita nne. Sentimita 55 mara kumi ni pikapu kubwa ya milango minne. Basi yote mawili ni 1/10, na hakuna aliyedanganya. Nakubali kwamba hakuna aliyedanganya. Lakini tazama utetezi huu unatufikisha wapi. Kama tunaruhusiwa kuchagua pikapu yoyote duniani iwe ndiyo asili, basi kila gari la kuanzia sentimita 40 hadi 60 litapata pikapu ya kulifaa, na namba iliyo kwenye boksi haitaweza kukosea kamwe. Kipimo kisichoweza kukosea hakipimi kitu. Na bado tairi zitakuwa zimeachwa nje ya hesabu, maana hakuna pikapu ya kawaida inayotoka kiwandani na tairi zenye urefu unaofika kifuani mwa mtu.

Wengine hutetea namba hizi kwa njia ya karakana: hata kama si skeli, zinamsaidia fundi kupata spea. Hoja hii ina historia nyuma yake. Tangu zamani ukubwa wa vyombo hivi uliamuliwa na vilivyomo ndani, na skeli ikafuata. Tamiya walipotengeneza kifaru cha kuchezea cha Panther chenye mota mwaka 1961, walikipa ukubwa wa kutosha kuingiza betri na gia zake. Walipokipima baadaye wakakuta kimekaribia 1/35, na namba hiyo ikawa kawaida ya vifaru vya plastiki kote duniani. Katika magari ya rimoti nayo, 1/10 ilikuja kumaanisha kishikio cha gurudumu chenye pembe sita cha milimita 12, na 1/8 ikamaanisha cha milimita 17. Ingekuwa hivyo daima, ningeinyamazia. Lakini Maxx, lenye jina la 1/10, limefungwa kishikio cha milimita 17, na aliyeagiza magurudumu kwa kusoma boksi atayarudisha dukani.

Malori ya migodini pia yana majina ya makundi, na ulinganisho huu ndio unaonishawishi zaidi. Lori kama 777, au Komatsu HD785, huitwa la tani 100, lakini tani hizo ni za Kimarekani. Kwa tani zetu za kilo 1,000 ni kama 91. Tena ni uzito wa mzigo, si wa lori. Hata hivyo jina hilo halimdhuru mtu, kwa kuwa hakuna mgodi unaochimba barabara kwa kufuata jina. Kanuni ya wahandisi ni kwamba barabara ya malori mawili kupishana iwe na upana wa mara tatu hadi tatu na nusu ya upana wa lori, na upana huo husomwa kwa mita kwenye karatasi ya mtengenezaji. Jina hutumika kwenye mazungumzo, mita hutumika kazini. Mnunuzi wa gari la rimoti amenyimwa utaratibu huo kwa sababu sehemu iliyo wazi kabisa kwenye boksi imepewa jina, na milimita zimefichwa kwenye kurasa za ndani.

Na milimita zina gharama. Gari la 1/8 la kweli ni refu kuliko la 1/10 kwa robo tu, lakini ujazo wake ni karibu mara mbili, kwa kuwa robo hiyo inaongezeka pia kwenye upana na kimo. Uzito huifuata hesabu hiyo kwa karibu, na betri hufuata uzito. Betri hizi za lithiamu kwa kawaida hutumia oksidi ya lithiamu na kobalti, ambayo kiasi cha asilimia 60 ya uzito wake ni kobalti, madini yale yale yanayotoka Kolwezi kwenye magunia na kurudi kama bidhaa ya bei ghali. Kwa anayeagiza kutoka Guangzhou au Dubai, wasafirishaji wa ndege hukokotoa uzito kwa ukubwa wa boksi pia, kisha hutoza ule ulio mkubwa. Kwa hiyo kabla ya kutuma pesa, mwombe muuzaji urefu wa gari, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kipenyo cha tairi, na vipimo vitatu vya boksi kwa sentimita. Muuzaji anayejibu kwa kurudia 1/10 bado hajajibu.