Mipaka ya akili ya mwanadamu katika mafundisho ya Uislamu

Uislamu unamtaka mwanadamu atumie akili yake, na unamwambia pia kwamba akili hiyo ina mpaka. Yote mawili yamo ndani ya Kurani. Aya zinazohesabiwa kuwa za kwanza kumteremkia Mtume Muhammad, za Sura ya Al-Alaq, zinaamrisha kusoma na zinamtaja Mungu aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu. Katika Sura ya Taha Mtume anaelekezwa aombe kuzidishiwa elimu. Lakini alipoulizwa habari ya roho, jibu lililoteremka katika Sura ya Al-Israa, aya ya 85, lilikuwa kwamba hilo ni jambo la Mola, na elimu waliyopewa watu ni chache. Hata malaika, katika kisa cha kuumbwa kwa Adamu, walikiri kuwa hawajui ila walichofundishwa.

Wanazuoni huyagawa mambo katika mafungu mawili. La kwanza ni la mambo ya dhahiri, yanayofikiwa kwa macho, masikio, hesabu na majaribio. Hapa mwanadamu ana uwanja mpana. Hadithi iliyomo katika Sahih Muslim inasimulia kwamba Mtume aliwakuta watu wa Madina wakichavusha mitende, akadhani kazi ile haina faida. Wakaiacha, na mavuno yakapungua. Alipoambiwa, aliwajibu kwamba wao ndio wanaojua zaidi mambo ya dunia yao. Kilimo, tiba na ufundi vikaachiwa wenye ujuzi navyo.

Fungu la pili ni ghaibu, yaani mambo yaliyofichika. Sura ya Luqman, aya ya 34, inataja mambo matano: wakati wa Kiyama, kuteremka kwa mvua, kilichomo matumboni mwa akina mama, atakachochuma mtu kesho, na ardhi atakayofia. Siku hizi watu huuliza: mbona kipimo cha ultrasaundi huonyesha kama mtoto ni wa kiume au wa kike, na idara za hali ya hewa hutabiri mvua? Jibu la wanazuoni wengi ni kwamba kipimo huonyesha kilichokwisha kujitokeza mwilini, na mtabiri wa mvua hukadiria kwa dalili za upepo na mawingu. Aya inazungumzia elimu kamili isiyohitaji dalili: umri wa mtoto huyo, riziki yake na mwisho wake. Kukadiria kwa dalili si kujua ghaibu.

Mpaka huu unamhusu kila mtu. Katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 188, Mtume mwenyewe anaamrishwa awaeleze watu kwamba lau angeijua ghaibu angejikusanyia heri nyingi na asingepatwa na baya. Ndiyo maana ramli, kupiga bao na kutazamia nyota vimekatazwa. Hadithi nyingine ya Sahih Muslim inaonya kwamba anayekwenda kumwuliza mtabiri wa ghaibu hakubaliwi swala zake kwa siku 40. Katazo hili humkinga mgonjwa, tajiri na maskini dhidi ya anayeuza asichokijua.

Mpaka mkubwa kuliko yote ni dhati ya Mungu. Sura ya Ash-Shura inafundisha kuwa hakuna kitu mfano wake, na ya Al-Anaam kwamba macho hayamfikii. Imam Malik wa Madina, aliyefariki mwaka 795, alipoulizwa Mungu amekaaje juu ya Arshi, kiti chake cha enzi, alikasirika. Alijibu kwamba maana inafahamika, namna yake haijulikani, kuamini ni wajibu, na kulichimba swali hilo ni uzushi. Kuhusu kama waumini watamwona Mungu Akhera, madhehebu yametofautiana: Sunni, wakiwemo Mashafii wa Pwani ya Afrika Mashariki, wanasema watamwona, Maibadhi wa Oman na Zanzibar wanakanusha. Pande zote mbili zinakubali kwamba akili haiwezi kuizunguka dhati yake.

Hekima ya matukio nayo hufichika. Katika Sura ya Al-Kahf, Nabii Musa anafuatana na mja ambaye wafasiri humwita Khidhri. Anamwona akitoboa jahazi la maskini, akimuua kijana, na kusimamisha ukuta bila ujira. Kila mara Musa anapinga, na mwishowe anaelezwa sababu ambazo hakuzijua. Wanazuoni wanasisitiza kwamba kisa hiki hakimpi mtu ruhusa ya kuvunja sheria kwa kudai kuwa ana siri. Khidhri alitenda kwa amri ya Mungu.

Akili ifike wapi basi? Wanatheolojia wa Mu'tazila waliipa nafasi kubwa, wakaona inaweza kutambua wema na uovu hata kabla ya wahyi, yaani ufunuo. Wanatheolojia wa Ash'ari walisema wajibu hujulikana kwa sheria. Al-Ghazali (1058–1111) aliwapinga wanafalsafa katika masuala 20, lakini akaonya kwamba anayekanusha hesabu za kupatwa kwa jua na mwezi kwa jina la dini anaidhuru dini yenyewe. Ibn Rushd wa Cordoba (1126–1198) alimjibu akiitetea falsafa. Ibn Khaldun wa Tunis (1332–1406) aliiona akili kuwa mizani ya kweli, ila ni mizani ya dhahabu: anayetaka kupimia milima kwayo anakosea yeye, wala si mizani.

Kutokana na hayo imezaliwa adabu ya kusema "sijui". Imesimuliwa kwamba Imam Malik aliulizwa maswali 48, akajibu 32 kati yake kwamba hajui. Mpaka leo mufti humalizia fatwa yake kwa kukiri kuwa Mungu ndiye ajuaye zaidi. Adabu hiyo haimhusu mufti peke yake. Mwislamu anayeishika huchunguza kila kinachochunguzika, hunyamaza pasipo na dalili, wala hampi fedha zake mtu anayedai kuijua kesho.